Jiwe la Adui Pale Chambeshi

Ukitoka Mpika kwenda Kasama, kaskazini mwa Zambia, barabara inavuka mto Chambeshi. Karibu na daraja pana mnara mdogo wa kumbukumbu na mzinga wa zamani. Mwenye haraka anaupita bila hata kugeuza shingo. Lakini akishuka akasoma kibao chake, atakuta kimeandikwa kwa Kiingereza kwamba hapo, saa moja na nusu asubuhi, siku ya Alhamisi tarehe 14 Novemba 1918, Jenerali von Lettow-Vorbeck, kamanda wa majeshi ya Wajerumani Afrika Mashariki, alipewa habari za kusimamishwa kwa vita na Bwana Hector Croad, hakimu wa Kasama.

Basi, ni hayo tu. Hapana neno la ushindi wala la kushindwa.

Mnara huo ni wa enzi za Waingereza, na Lettow-Vorbeck alikuwa adui wao. Walimkimbiza kwa zaidi ya miaka minne, kutoka mpaka wa Kenya hadi ndani ya Msumbiji na kurudi, hawakumkamata. Siku ile ya Chambeshi vita vya Ulaya vilikuwa vimekwisha tangu Jumatatu, naye alikuwa bado anasonga mbele, ametoka kuiteka Kasama. Kisha wakaja kumwekea alama mahali alipoambiwa aache. Wakaandika mpaka saa na dakika, kama watu waandikavyo habari za kuzaliwa kwa mtoto.

Nimekuwa nikiufikiria sana mnara huu. Kumheshimu adui ni jambo jema, dini zetu na wazee wetu wanatufundisha hivyo. Lakini kila nikiusoma ule ujumbe wake napata swali lile lile: kwa nini yeye?

Paul von Lettow-Vorbeck alishuka Dar es Salaam Januari 1914. Wapenzi wa vitabu watafurahi kujua kwamba kwenye meli alikuwamo Karen Blixen, aliyekuja baadaye kuandika habari za shamba lake la kahawa chini ya milima ya Ngong, na wawili hao wakawa marafiki. Kabla ya hapo jenerali wetu (wakati huo alikuwa bado luteni kanali) alikuwa amepigana China, na baadaye akatumika katika ofisi ya von Trotha kule Namibia ya leo, mwaka 1904, mwaka Trotha alipotoa amri ya kuwaangamiza Waherero. Hili kwenye kibao cha Chambeshi halimo, na katika vitabu vingi vya kumsifu halimo pia.

Hesabu yake ya vita ilikuwa nyepesi. Alijua koloni hawezi kuliokoa. Alichoweza ni kuwashughulisha maelfu ya askari wa adui huku Afrika ili wasipelekwe Ufaransa. Novemba 1914 Waingereza walileta Tanga jeshi la watu kama 8,000 kutoka India, yeye akiwa na watu kama 1,000. Ukienda Tanga leo watakusimulia habari za nyuki walioamka mizingani wakawatawanya watu, na si uongo, nyuki walikuwapo. Ila bunduki za askari wake zilifanya kazi kubwa zaidi ya nyuki. Waingereza walirudi melini wakaacha ufukweni bunduki, bombomu na risasi laki kadhaa, silaha ambazo Lettow alizitumia kuwapiga nazo wenyewe kwa muda mrefu.

Mwaka 1916 akaletwa Jan Smuts kuongoza jeshi la Waingereza. Hapa ndipo hadithi inaponoga, kwa sababu Smuts naye alikuwa adui wa zamani wa Waingereza. Katika vita vya Makaburu, 1899 hadi 1902, aliongoza kikosi cha farasi ndani ya Rasi akiwasumbua Waingereza kwa mbinu zile zile ambazo sasa Lettow alizitumia kumsumbua yeye. Miaka 14 haijatimia, yule Kaburu aliyekuwa akisakwa ni jenerali wa Mfalme wa Uingereza. Leo sanamu yake ipo Parliament Square, London, iliyochongwa na Jacob Epstein na kuzinduliwa 1956. Kwa hiyo Waingereza walikuwa na mazoea. Ukiwapiga vizuri, na ukiwa mtu wa namna fulani, mwisho wake watakuchongea sanamu.

Smuts na Lettow walipigana kiungwana, wanasema. Lettow alipotunukiwa nishani kubwa ya Ujerumani, Pour le Mérite, Smuts ndiye aliyempelekea habari, pamoja na pongezi, kupita katikati ya mstari wa vita. Mwaka 1929 Lettow alialikwa London kwenye chakula cha jioni cha maveterani wa jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki, akiwa mgeni wa heshima, na hapo ndipo yeye na Smuts walipoonana uso kwa uso. Baada ya Vita vya Pili, Lettow alikuwa mzee aliyefilisika, watoto wake wa kiume wawili wamekufa vitani, nyumba yake imepigwa mabomu. Smuts akawa miongoni mwa waliompelekea vyakula. Mwaka 1953 alirudi Dar es Salaam kutembea, akiwa na miaka zaidi ya 80, na serikali ya Kiingereza ikampokea kwa heshima za kijeshi.

Sina kijicho na hayo. Kumpelekea chakula mzee aliyekuwa adui yako ni utu, hata awe nani. Ninachokitazama ni mlolongo wote: barua, karamu, vifurushi, mnara. Waungwana hawa walielewana. Walikula meza zinazofanana. Halafu kuna jambo jingine ambalo Waingereza wenyewe hawalisemi kwa sauti: ukiwa umemkimbiza mtu miaka minne kwa jeshi kubwa na hukumpata, ni afadhali huyo mtu awe bingwa wa mabingwa. Sifa zake zinakufunika na wewe. Na Wajerumani, walionyang'anywa makoloni yote, walihitaji shujaa ambaye hakushindwa uwanjani, pamoja na picha ya askari wake weusi waaminifu, ili waseme Waafrika wanawataka warudi. Machi 1919 aliongoza maofisa wake kupita Lango la Brandenburg, Berlin, kama mshindi. Pande zote mbili zilikuwa na faida katika heshima ile.

Sasa turudi Chambeshi, tutazame ni nani mwingine aliyekuwa pale asubuhi ile.

Lettow alipokabidhi silaha rasmi tarehe 25 Novemba 1918 huko Abercorn, mji unaoitwa Mbala leo, Wazungu aliokuwa nao walikuwa 155. Askari Waafrika walikuwa zaidi ya 1,100. Nyuma yao wapagazi, wanawake na watoto, safari nzima iliyokuwa ikitembea kama mji unaohama. Jeshi la Waingereza nalo lilikuwa hivyo hivyo, ila kubwa zaidi. Lori zilikwama kwenye matope, farasi na punda walikufa kwa mbung'o, kwa hiyo kila kitu kilikwenda kichwani mwa mtu: risasi, unga, mabomba ya bombomu, mahema, hata viti vya maofisa. Watu walichukuliwa vijijini kwa orodha za machifu na kwa kamba. Kwa upande wa Waingereza peke yao, hesabu inayotajwa sana ni wapagazi kama 95,000 waliokufa, wengi wao kwa kuhara, malaria, njaa na baridi, si kwa risasi. Wapo wanaosema ni zaidi.

Methali ya tembo na nyasi imechoka kwa kutumiwa, na hapa haitoshi. Nyasi hizi ziliwabeba tembo mgongoni.

Na waliobaki vijijini? Majeshi yote mawili yalikula walichokikuta. Ludwig Deppe, daktari aliyekuwa kwenye safu ya Lettow mwenyewe, aliandika baada ya vita kuhusu mashamba yaliyoharibiwa, maghala yaliyokombwa na njaa waliyoiacha nyuma yao. Ugogo, mifugo na nafaka zilichukuliwa na upande mmoja na kisha upande wa pili, halafu mvua ikakosekana. Wagogo njaa hiyo wameipa jina, Mtunya, na maelfu walikufa kati ya 1917 na 1920. Ndiyo bei ya ule ubingwa wa kukimbia bila kukamatwa. Jeshi lisilo na ghala linahamisha ghala lake liwe chungu cha mama mmoja wa Mvumi.

Mtu atasema, mbona askari nao wana sanamu? Wanayo. Ipo Dar es Salaam pale Posta, Samora na Azikiwe zinapokutana, na kila mtu anaijua japo wengi tunaitumia tu kama kituo cha kukutania: "Nisubiri pale Askari." Iliwekwa 1927. Na kabla yake, hapo hapo, Wajerumani walikuwa na sanamu ya Hermann von Wissmann, gavana wao, amesimama juu, chini yake askari mweusi. Waingereza wakamng'oa Wissmann, baadaye akapelekwa Hamburg, ambako miaka ya sitini wanafunzi wa chuo kikuu walimvuta kwa kamba akaanguka. Nafasi yake Dar akapewa askari peke yake, bila Mzungu juu yake, bunduki imeelekezwa bandarini. Hilo si dogo, tulikubali. Nairobi nao wana yao, pamoja na mpagazi.

Lakini isogelee uisome. Maandishi yake, yaliyotungwa na Rudyard Kipling, yako kwa Kiingereza, Kiarabu na Kiswahili, na yanawaahidi waliokufa kwamba watoto wao watayakumbuka majina yao. Ukizunguka sanamu yote, upande hata upande, hutakuta jina hata moja. Watoto wetu waachiwe kazi ya kukumbuka majina ambayo dola yenye makarani wake wote haikutaka kuyaandika! Wazungu waliokufa vita hiyo hiyo wana makaburi yenye mawe, jina na tarehe. Kwa wapagazi, barua ya mwaka 1922 inaeleza maoni ya Gavana wa Tanganyika, Horace Byatt: yale makaburi makubwa ya wapagazi yaachwe yarudi porini haraka iwezekanavyo. Alikuwa hapendi hata kuifikiria hesabu ya waliokufa. Barua hiyo imetajwa katika ripoti ya tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola, iliyotoka Aprili 2021, ambayo pia inakiri kwamba watu kati ya 116,000 na labda 350,000, wengi wao kutoka Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina, au pengine hawakukumbukwa kabisa.

Kumbukumbu yao tumeitunza wenyewe bila kukusudia. Kambi yao Dar es Salaam iliitwa Carrier Corps, ulimi wetu ukalainisha ikawa Kariakoo. Nairobi wana Kariokor. Watu wanapakia mizigo kichwani pale mpaka leo, asubuhi hadi magharibi. Sidhani kama pana haja ya kuongeza neno.

Nirudi kwenye swali langu la mwanzo. Kwani Lettow ndiye adui pekee mwenye sifa aliyewahi kupigana kwenye ardhi hii? Mkwawa je? Tarehe 17 Agosti 1891, pale Lugalo, aliliteketeza jeshi la Emil von Zelewski, na Wajerumani wakahitaji miaka saba kumpata. Mbinu zake zilikuwa hizo hizo walizokuja kumsifia Lettow: anapiga anapotea, anaijua nchi, analishwa na wananchi. Tena Mkwawa wananchi hao walikuwa ni wake. Akatangaziwa zawadi ya rupia 5,000. Julai 1898 alipojiua asikamatwe, maiti yake ilikatwa kichwa. Ikabidi fuvu hilo litajwe ndani ya Mkataba wa Versailles, kifungu cha 246, na hata hivyo likasubiri hadi 1954 ndipo gavana Edward Twining alipoukabidhi ukoo wake fuvu lililosemwa kuwa ni lake, Kalenga. Songea Mbano, nduna wa Wangoni, alinyongwa mwaka 1906 wakati wa Maji Maji, na inaaminika kichwa chake nacho kilichukuliwa. Novemba 2023 Rais Frank-Walter Steinmeier alifika Songea kuomba msamaha, na kichwa bado kinatafutwa.

Kati ya kunyongwa kwa Songea na ile asubuhi ya Chambeshi ni miaka 12 tu. Sidai kwamba waliomwekea Lettow mnara ndio waliokata vichwa, maana hao ni Wajerumani na hawa ni Waingereza. Lakini kanuni waliyoifuata iliwatosha wote. Adui wa kupelekewa pongezi alikuwa yule uliyeweza kumwona kama wewe mwenyewe. Yule mwingine, hata akikushinda waziwazi, anaitwa mwasi, na kichwa chake kinapimwa na wataalamu.

Sasa jambo ambalo hunishangaza kila mara. Pale Lugalo, nje kidogo ya mji wa Iringa, mnara wa Zelewski na wenzake upo. Wajerumani waliujenga kwa ajili ya watu wao, katika nchi ya watu waliowaua. Wajerumani wameondoka, Waingereza wameondoka, uhuru ukaja, na hakuna aliyeubomoa. Wahehe, walioshinda siku ile, wanaishi nao. Jina la Lugalo tumeliweka kwenye kambi ya jeshi Dar es Salaam, na hospitali yake, kwa sababu ni jina la ushindi, na mnara wa walioshindwa tumeuacha usimame. Nikitafuta mfano wa kumheshimu adui bila kufaidika na chochote, nauona huu.

Wajerumani wenyewe wamekuwa wakihangaika na Lettow. Kambi kadhaa za jeshi zilipewa jina lake, na mojawapo, ya Leer, ililibadilisha mwaka 2010. Hannover barabara yake ikageuzwa Namibiaallee. Hamburg, mwaka 2003, walifungua bustani wakaiita Tansania-Park, ndani yake wakaweka michoro mikubwa ya udongo ya enzi za Wanazi iliyokuwa kwenye kambi yenye jina la Lettow: askari weusi wanamfuata ofisa Mzungu, na wapagazi wanafuata. Watu wakapiga kelele, na walikuwa na haki. Huwezi kuchukua picha ya kujisifia, ukabandika jina la nchi ya watu, ukasema ni heshima kwao.

Vipi kuhusu askari waliobaki hai? Mishahara yao ya miaka ya mwisho ya vita hawakulipwa. Kuna hadithi inayosimuliwa sana: mwaka 1964, mwaka aliokufa Lettow, Ujerumani Magharibi iliamua kuwalipa waliobaki, akatumwa ofisa Mwanza na pesa. Wakaja wazee, wengine na nguo zilizochakaa za zamani, wachache na vyeti. Atawajuaje wa kweli? Akawapa ufagio mmoja mmoja, akatoa amri za gwaride kwa Kijerumani. Wanasema hakuna mzee aliyekosea. Sijui kwa nini hadithi hii husimuliwa kama ya kuchekesha. Mimi naona mzee wa miaka 70 ameshika ufagio, anadai ujira wa ujanani mwake.

Mmoja hakungoja Mwanza. Mahjub bin Adam Mohamed alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1904, mtoto wa askari. Vita vilipoanza alikuwa na miaka kumi, akaingia jeshini pamoja na baba yake. Alijeruhiwa Mahiwa, Oktoba 1917, kwenye mapigano makali kuliko yote ya vita ile. Mwaka 1929, mwaka ule ule Lettow alipokuwa akila chakula na maadui zake London, huyu alifika Berlin kudai mshahara wake na wa marehemu baba yake. Wizara ikamkatalia. Akabaki, akajulikana kama Bayume Mohamed Husen, akawa mhudumu wa hoteli, akafundisha Kiswahili chuoni, akaigiza kwenye filamu, ikiwamo ya kumsifu Carl Peters. Aliomba nishani waliyopewa maveterani wa Vita vya Kwanza, akanyimwa. Mwaka 1941 alikamatwa kwa uhusiano na mwanamke Mzungu, akapelekwa kambi ya Sachsenhausen, akafia humo tarehe 24 Novemba 1944. Waliosoma *Afterlives* ya Abdulrazak Gurnah watamkumbuka Ilyas.

Tangu 2007 Husen ana jiwe lake Berlin, mbele ya nyumba namba 193 mtaa wa Brunnenstraße alikokuwa akiishi. Ni kile kijiwe chenye bamba la shaba kinachopachikwa kwenye njia ya waenda kwa miguu, sentimita 10 kwa 10. Jina lake lipo.